Katsura: Mdada wa Tokyo aliyewafuata vigogo mezani bila kuongezewa pointi

KWA mtu anayecheza mkeka, neno handikapu si geni. Timu kubwa inakutana na timu ndogo, basi ile ndogo inapewa goli moja au mawili kwenye karatasi ili mizani ikae sawa. Refa hajapuliza filimbi, tayari kuna anayeongoza.

Kwenye pool jambo hilo haliishii kwenye karatasi. Linafanyika kweli mezani. Mchezaji anayeonekana hana ubavu anapewa gemu moja, mbili au tatu mkononi, kisha ndipo mechi inaanza. Yapo hata mashindano ya kulipwa, yakiwemo ya pool ya Kichina ya mipira minane, ambako mwanamke akikutana na mwanaume anaongezewa. Wapo wanaosema hiyo ndiyo haki yenyewe. Wapo wanaosema ni dharau iliyovalishwa nguo ya huruma. Mabishano hayo hayajaisha na hayaishi leo.

Lakini kabla ya hao wote kubishana, alikuwepo mwanamke mmoja wa Kijapani, mfupi, mwembamba, ambaye mwaka 1952 alisimama mbele ya vidume tisa kugombea ubingwa wa dunia wa biliadi. Pointi walizotakiwa kufikisha wao ndizo alizotakiwa kufikisha yeye. Hakuna aliyemwongezea hata moja.

Jina lake ni Masako Katsura.

Mtoto wa ukumbini

Katsura alizaliwa Tokyo, Machi 7, 1913. Baba yake alifariki binti akiwa na miaka 12 tu, na maisha yakageuka. Akaenda kuishi kwa dada yake mkubwa, ambaye mumewe alikuwa na ukumbi wa biliadi. Hapo ndipo hadithi ilipoanzia. Hakupelekwa na kocha wala hakuonwa na skauti. Shemeji alikuwa na ukumbi, basi.

Akiwa na miaka 14 alikuwa ameshaanza kazi humo ndani. Kumbi za Japani za wakati ule ziliajiri mabinti wa kuhudumia wateja na kuhesabu pointi. Kwa hiyo msichana kuonekana karibu na meza halikuwa jambo la kushangaza. La kushangaza lilikuwa msichana kushika fimbo na kuwafunga wateja.

Na hapa lazima ieleweke kwamba handikapu ndiyo iliyokuwa chakula cha kila siku cha kumbi zile. Kwa Wajapani kila mchezaji hutembea na namba yake. Tuseme anayejifunza namba yake ni 30, na fundi namba yake ni 300. Wakikutana, kila mmoja anakimbilia namba yake mwenyewe. Huyu akifikisha 30 kabla yule hajafikisha 300, kashinda. Ukiwa bora zaidi, namba inapandishwa, na mlima unakuwa mrefu.

Ni utaratibu mzuri kwa ukumbi, maana mzee wa miaka 50 anaweza kucheza na binti wa miaka 14 na mechi ikanoga. Ila una ukweli mmoja mchungu: ukitaka kuitwa mkubwa, lazima ufike mahali ambapo hakuna tena wa kukuongezea.

Katsura alifika huko mapema. Akiwa na miaka 15 alichukua ubingwa wa wanawake wa Japani kwenye mtindo ambao mchezaji anapata pointi kila mpira wake unapogusa mipira mingine miwili. Wadogo zake wawili, Noriko na Tadako, nao wakawa wachezaji wa kiwango cha juu. Familia nzima ikawa ya fimbo.

Mchezo usio na mashimo

Shabiki aliyezoea meza za baa anaweza kushangaa hapa. Meza aliyochezea Katsura haina mashimo. Hakuna cha kutumbukiza. Kuna mipira mitatu tu: wako, wa mpinzani, na mmoja mwekundu. Kazi ni kuupiga mpira wako uguse mingine yote miwili.

Kwenye mtindo ule rahisi, fundi anaikusanya mipira yote mitatu karibu na ukingo wa meza, kisha anaisukuma kidogokidogo kama mtu anayechunga kuku wasitawanyike. Gusa, gusa, gusa. Pointi zinamiminika. Katsura aliwahi kufanya onesho akafikisha pointi 10,000 bila kukosa, kazi iliyomchukua saa nne na nusu. Kwa lugha ya mpira wa miguu, ni sawa na mtu kupiga danadana tangu mchana mpaka jua linazama, mpira haujagusa chini.

Lakini ubingwa wa dunia haukuwa wa mtindo huo. Ulikuwa wa kingo tatu, na hapo ndipo wanaume wanapojulikana na wavulana. Kwenye kingo tatu, mpira wako lazima ugonge kingo za meza mara tatu au zaidi kabla haujaugusa mpira wa mwisho. Huwezi kuchunga kuku tena. Kila pigo ni hesabu ya pembe, kasi na mzunguko wa mpira. Enzi hizo, mtu aliyepata wastani wa pointi moja kwa kila zamu alikuwa anaongea lugha ya mabingwa. Kumbuka huyo huyo Katsura alikuwa ametoka kwenye mtindo wa pointi 10,000 kwa zamu moja. Kuingia kingo tatu ilikuwa kama straika wa kufunga penalti tu kuambiwa sasa afunge kwa mashuti ya kutokea katikati ya uwanja.

Alihitaji mwalimu, akampata. Kinrey Matsuyama, bingwa wa Japani aliyewahi kwenda Marekani na kucheza na wakubwa wa huko, alimwona Katsura mwishoni mwa miaka ya 1930 na kumchukua kama mwanafunzi wake. Huyo ndiye aliyemnoa.

Matunda yakaonekana. Kwenye ubingwa wa taifa wa kingo tatu wa Japani, ambao si wa wanawake peke yao, Katsura alishika nafasi ya pili mara tatu. Mara tatu alibaki na mtu mmoja tu juu yake nchi nzima. Kwa mwanaume, rekodi hiyo ingetosha kumfungulia milango ya dunia. Kwake yeye, milango iliendelea kufungwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza inajulikana. Ya pili ilikuwa vita.

Vita, kisha sajini

Mwaka 1945 Japani ilisalimu amri. Tokyo ilikuwa imeungua, na wanajeshi wa Marekani wakaikalia nchi. Watu walitafuta riziki popote ilipopatikana. Katsura alikuwa na fimbo yake, akaenda nayo kwenye klabu za wanajeshi kufanya maonesho ya biliadi.

Huko ndiko alikokutana na sajini wa jeshi la Marekani aitwaye Vernon Greenleaf. Sajini alimwona mezani, akataka afundishwe. Masomo yakaanza. Masomo yakazaa mambo mengine. Mwaka 1950 wakafunga ndoa.

Mwishoni mwa 1951 Greenleaf alihamishiwa California, na mke akamfuata kwa meli. Alitia nanga San Francisco siku chache tu kabla ya mwaka mpya. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa mke wa mwanajeshi, mgeni kabisa, anatoka nchi ambayo miaka sita iliyopita ilikuwa adui. Tena kwa sheria, uadui wenyewe ulikuwa haujaisha: mkataba wa amani kati ya Japani na mataifa yaliyoipiga ulikuwa umesainiwa Septemba 1951, mjini San Francisco huko huko, lakini ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Ulianza Aprili 28, 1952.

Yaani wakati Katsura anaingia kwenye ubingwa wa dunia Machi 1952, kwenye makaratasi Japani ilikuwa bado chini ya jeshi la nchi aliyokuwa anachezea. Hiyo ndiyo maana halisi ya kucheza ugenini.

Jaribio la Cochran

San Francisco alikuwepo mtu mmoja mzito, Welker Cochran. Alikuwa bingwa wa dunia mara kadhaa, amestaafu, anaendesha ukumbi wake mjini hapo. Na ubingwa wa dunia wa 1952 ulipangwa kufanyika ukumbini kwake.

Cochran alishasikia habari za Katsura kutoka kwa mwanawe, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa Japani. Lakini kusikia ni kitu kimoja. Mualiko wa Katsura ukawekewa sharti: kwanza aonekane anacheza, kisha ndipo aruhusiwe.

Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Wanaume waliingia mashindanoni kwa majina na rekodi zao. Katsura, pamoja na nafasi zake tatu za pili nchini kwao, alipelekwa majaribio kama kinda anayeomba kusajiliwa. Akiwa na miaka 38, mtaalamu wa zaidi ya miaka 20, alitakiwa athibitishe kwamba fimbo anaijua. Handikapu ilikuwepo, ila ilikuwa imegeuzwa upande. Wengine walianza kwenye sifuri. Yeye alianzia chini ya sifuri.

Hakulalamika. Alishika fimbo, akacheza. Cochran, mtu aliyeona kila aina ya mchezaji kwa maisha yake yote, hakuhitaji kushawishiwa tena. Jina la Katsura likaingizwa kwenye orodha. Kabla ya hapo hakuna mwanamke aliyewahi kugombea ubingwa wa dunia wa biliadi wa aina yoyote.

Ili shabiki wa kandanda apate picha ya zama zenyewe: mwaka huo huo wa 1952, chama cha soka cha England kilikuwa bado kinawazuia wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake. Marufuku hiyo iliwekwa 1921 na ilikaa karibu miaka 50. Huku mwanamke anakatazwa kukanyaga nyasi, kule mwingine anapanga mipira na bingwa wa dunia.

Machi ya San Francisco

Mashindano yalichezwa kwa mtindo wa ligi. Wachezaji 10, kila mmoja anakutana na wenzake wote tisa, jumla mechi 45. Kila mechi ni ya kwanza kufikisha pointi 50. Hapakuwa na makundi ya kujifichia wala droo ya bahati. Kila kigogo ungekutana naye, utake usitake.

Na vigogo kweli walikuwepo. Alikuwepo Irving Crane, mmoja wa mafundi wakubwa wa pool Marekani. Alikuwepo Joe Chamaco wa Mexico. Alikuwepo Ray Kilgore, mwenyeji wa San Francisco. Alikuwepo Matsuyama, mwalimu wake mwenyewe, maana kwenye ligi mwanafunzi na mwalimu nao wanapangiana.

Juu ya wote alikuwepo Willie Hoppe. Huyu alichukua ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 1906, jijini Paris, akiwa kijana wa miaka 18. Katsura alikuwa hajazaliwa. Mwaka 1940 alimaliza mashindano ya dunia ya kingo tatu bila kupoteza mechi hata moja. Sasa alikuwa na miaka 64, nywele nyeupe, na bado yeye ndiye aliyeshika taji. Ukitafuta wa kumfananisha naye kwenye soka utachoka.

Meza ya mashindano ina urefu wa futi 10 na upana wa futi tano. Katsura mwenyewe alikuwa na urefu wa kama futi tano, yaani yeye na upana wa meza walikuwa wanatazamana. Mipira ikikaa mbali, mwanaume mrefu anainama tu na kupiga. Mtu wa kimo kile hawezi. Inabidi pigo lake la kabla ya hapo liwe limeshapanga mipira ikae pale anapofika, au achague njia nyingine ngumu zaidi. Ule ulikuwa mzigo wa kweli, na kanuni haikuutambua. Pointi 50 ni pointi 50.

Katikati ya mashindano hayo alitimiza miaka 39. Watu walijaa, wakiwemo wanawake, ambao kumbi za biliadi za Marekani hazikuwa zimezoea kuwaona. Wengi hawakuja kwa ajili ya biliadi, tusidanganyane. Walikuja kumwona mwanamke wa Kijapani, jinsi alivyovaa, jinsi anavyotembea. Magazeti nayo yakaandika zaidi juu ya gauni kuliko juu ya fimbo. Wengi walitegemea atafungwa mechi zote tisa, watu wapige makofi ya huruma, yaishe.

Hayakuisha hivyo. Katsura alifungwa mechi, ndiyo, tena na wakubwa, Hoppe akiwemo. Lakini na yeye alifunga. Mechi iliyotikisa ukumbi ni ile aliyomchapa Kilgore. Na Kilgore hakuwa wa kuchezea, kwani kwenye mashindano hayo hayo alikuwa amemtoa jasho Hoppe mwenyewe na kumfunga. Mwaka uliofuata, Kilgore huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Shabiki anajua maana ya timu ya katikati ya msimamo kumfunga aliyemfunga kinara.

Hoppe akachukua taji, na mwaka huo huo akastaafu. Katsura akamaliza nafasi ya saba.

Ya saba kati ya 10. Ukiitazama kwenye msimamo tu, si nafasi ya kuimbiwa nyimbo. Ni timu isiyoshuka daraja na isiyokwenda kimataifa. Lakini chini yake walibaki wanaume watatu, wataalamu wa kulipwa, ambao hawakuweza kusema kwamba alibebwa. Kama angeongezewa pointi tano tu kila mechi, huenda angepanda juu zaidi kwenye msimamo. Na kila ushindi wake ungekuwa na alama ya kuuliza pembeni mpaka leo. Nafasi ya saba bila kuongezewa haina alama ya kuuliza.

Saba, tano, nne

Kilichofuata kinaonyesha kwamba 1952 haikuwa bahati. Katsura alizunguka miji ya Marekani na Cochran, ambaye alitoka kwenye ustaafu kwa ajili ya maonesho hayo, kisha akacheza maonesho na Hoppe mwenyewe. Mechi za maonesho ndizo zilizokuwa ajira ya mchezaji wa biliadi. Leo uko mji huu, kesho ule, watu wanalipa kiingilio, unacheza, unalala hotelini, unaondoka.

Mwaka 1953 ubingwa wa dunia ukachezwa Chicago. Katsura akamaliza wa tano. Mwaka 1954 ukapelekwa Buenos Aires, Argentina. Katsura akamaliza wa nne.

Saba, tano, nne. Timu ikipanda hivyo kwa misimu mitatu mfululizo, mashabiki wake wanaanza kuhesabu siku za kubeba kombe.

Ila kombe halikuja. Pale Buenos Aires taji lilikwenda kwa Mmarekani kijana, Harold Worst, wa miaka 25 tu hivi, na baada ya hapo mashindano yenyewe yakakauka. Biliadi ya kingo tatu ilikuwa inapoteza watazamaji Marekani. Hoppe ameondoka, kumbi zinafungwa, televisheni inawabakiza watu nyumbani. Mchezaji aliyekuwa anapanda ngazi alikuta ngazi imeondolewa. Si kwamba alizuiwa safari hii. Hapakuwa na mahali pa kuchezea.

Katsura aliandika vitabu vya kufundisha biliadi kwa Kijapani. Mwaka 1959 akaonekana kwenye televisheni ya Marekani, ikiwemo kwenye kipindi maarufu cha kubahatisha kazi ya mgeni, ambako watu walitakiwa kukisia mwanamke huyu anafanya nini maishani. Kipindi kizima kilijengwa juu ya jambo moja: kwamba hakuna atakayewaza biliadi.

Mwaka 1961 alipata nafasi moja ya mwisho. Alikutana na Worst, yeye na yeye, wakigombea ubingwa wa dunia. Katsura alikuwa na miaka 48, Worst yuko kwenye ubora wake. Worst akashinda. Na hapo pia hakuna aliyemwongezea kitu, na hakuna aliyesema aliongezewa.

Fimbo ya kuazima

Baada ya hapo akanyamaza. Hakukuwa na mechi ya kuaga, hakukuwa na keki wala jezi ya kuwekwa kwenye fremu. Mumewe alifariki 1967, na Katsura akaendelea kuishi Marekani kimyakimya. Wachezaji wapya wakaingia mjini bila kujua kwamba mama fulani anayepita barabarani aliwahi kuwa wa nne duniani.

Mwaka 1976 alitokea mara moja tu. Aliingia kwenye ukumbi mmoja wa San Francisco, akaazima fimbo. Miaka mingi alikuwa haonekani mezani, na umri wake sasa ulikuwa umeshavuka 60. Akaanza kucheza ule mtindo wa utotoni, wa kuchunga mipira ukingoni. Akapiga pointi 100 mfululizo, bila kukosa, bila kuonekana kuhangaika. Watu wakaacha meza zao kutazama. Akainama kwa heshima, akatabasamu, akaondoka. Hakurudi tena.

Mwaka huo huo wa 1976, wanawake wa pool Marekani walikuwa wanaunda chama chao cha wachezaji wa kulipwa. Katsura akawa miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa kuingizwa kwenye ukumbi wao wa heshima. Walijua wanamshukuru nani.

Miaka ya uzeeni alirudi Japani, akaishi na mdogo wake Noriko. Alifariki Desemba 1995, akiwa na miaka 82.

Meza kwanza, pointi baadaye

Baada ya Katsura watu hawakujipanga foleni. Kombe la dunia la wanawake la kingo tatu lilikuja kuanza 2004, miaka 52 tangu ile Machi ya San Francisco. Bingwa wa kwanza akawa Orie Hida, Mjapani, kutoka nchi ile ile aliyolelewa Katsura kwa fimbo.

Miaka 52 ni mingi. Na haikupotea kwa sababu wanawake walikosa pointi za kuongezewa. Ilipotea kwa sababu walikosa meza. Ukiyapitia maisha ya Katsura utaona kila hatua aliyopiga ilitokana na mlango uliofunguka kwa bahati. Baba asingefariki, asingekwenda kwa dada. Shemeji asingekuwa na ukumbi, asingeshika fimbo. Matsuyama asingemfundisha, angebaki kwenye mtindo wa pointi 10,000, akishangiliwa kwenye maonesho tu. Greenleaf asingehamishiwa California, asingefika ukumbini kwa Cochran. Mtoto wa Cochran asingemsikia Japani, huenda hata lile jaribio lisingekuwepo.

Mwanaume mwenye kipaji kama chake hakuhitaji bahati zote hizo. Alihitaji kuingia ukumbini na kulipia meza.

Ndiyo maana wale wanaobishana leo kama mwanamke apewe gemu mbili au tatu wanaweza kuwa wanabishana juu ya kitu cha mwisho kabla ya kile cha kwanza. Handikapu ina kazi yake. Kwenye kumbi za Tokyo ilimwezesha binti wa miaka 14 kukaa meza moja na watu wazima na kujifunza, na hakuna aibu hapo. Mtoto akifundishwa baiskeli hushikiliwa kwanza. Shida ni pale mtu anapoendelea kushikiliwa wakati njia yenyewe amefungiwa, hana mwalimu, hana saa za mazoezi, hana mpinzani wa kiwango chake, kisha siku ya mashindano anapewa gemu mbili na kuambiwa sasa mko sawa.

Katsura alipata mazoezi tangu akiwa na miaka 14. Alipata mwalimu bingwa. Alipata wapinzani wakali mpaka akawa wa pili nchini. Kwa hiyo alipofika San Francisco, hakuhitaji pointi ya mtu. Alichohitaji ni jina lake liandikwe kwenye ratiba, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko mechi zote tisa.

Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Rekodi zinasema nafasi ya saba, ya tano, na ya nne. Ni namba za kawaida mpaka utakapokumbuka kwamba zote alizipata bila kuongezewa hata pointi moja.